Kutoka Lackawanna kwa Miguu

Mzee Zenoni alijulikana kwa mambo mawili: alitembea sana, na alidanganya vizuri. La kwanza lilianza mwaka 1972, alipovuka mpaka wa Burundi kwa miguu, godoro kichwani. La pili hakuna ajuaye lilianza lini. Kule Mtabila, kambi ya wakimbizi Tanzania, walisema alizaliwa akiwa katikati ya hadithi, mkunga akalazimika kusubiri amalize.

Louisville, mji wao wa kwanza Marekani, alitoka siku moja kununua chumvi akaokotwa na polisi kwenye daraja la mto, akielekea jimbo jingine kabisa. Akasema hakupotea. Alitaka tu kuonja kama upande wa pili chumvi ni ileile. Columbus, walikohamia baadaye kufuata kazi za maghala, alirudishwa nyumbani na gari la zimamoto, taa zinawaka, majirani wote wamejaa madirishani. Akasema wale vijana walikuwa wameshindwa na moto mmoja mkaidi, wakamwomba ushauri. Wajukuu walipiga makofi. Binti yake Spés hakupiga. Siku hiyo alikuwa amezunguka mji saa tano nzima na picha ya baba yake mkononi, mguu mmoja una kiatu na mwingine kandambili.

Sasa walikuwa Buffalo, mtaa wa Riverside, katika nyumba ya mbao iliyolia kila upepo ulipoigusa. Ilikuwa Januari ya 2015. Spés alifanya kazi ya kutunza wazee wa Kizungu majumbani mwao, akajua vizuri theluji humfanya nini mzee anayetoka nje peke yake. Kwa hiyo alijaza karatasi. Kuanzia Jumatatu basi dogo lingekuja kila asubuhi kumchukua baba yake kwenda kituo cha wazee, limrudishe jioni. Huko kulikuwa na joto, makochi, televisheni na mchezo wa bingo. Mlango wake ulifunguliwa kwa namba ambayo wazee hawapewi.

Zenoni alipelekwa kukiona. Akamkuta Karoli, waliyekaa naye kambini, mwanamume aliyekuwa akiendesha baiskeli kutoka Kasulu hadi Kigoma na mikungu mitatu ya ndizi nyuma. Karoli alikuwa anampaka rangi bata wa karatasi. Zenoni alimsalimu kwa heshima zote. Karoli akaitikia, akamwomba amsogezee penseli ya kijani.

Siku hiyo Zenoni hakugusa chakula cha jioni.

Ijumaa mzozo ukalipuka. Zenoni alisema haendi. Spés alisema ataenda. Zenoni akasema yeye hajawahi kupotea tangu azaliwe, ni miji ndiyo iliyokuwa ikisogea. Spés, aliyekuwa hajalala tangu jana yake, akatupa mwiko kwenye sinki na kusema maneno ambayo angeyajutia kabla ya kesho yake kwisha: kama baba yake anaweza kutupwa popote katika mji huu na akarudi mwenyewe kabla ya giza, kwa miguu yake, bila ramani, bila simu, bila gari la mtu, basi zile karatasi atazichana.

"Nimesikia," Zenoni akasema, akaenda kulala kama mtoto mwema.

Alfajiri alimvizia mkwewe jikoni. Jean Bosco alikuwa na zamu ya Jumamosi kwenye kiwanda kimoja huko Lackawanna, kusini kabisa ya mji, wakati Riverside iko kaskazini kabisa. Kwao mkwe hamkatalii baba mkwe jambo aliloombwa ana kwa ana, hasa mzee akisimama na kuvua kofia. Zenoni alisimama, akavua kofia. Jean Bosco alilitazama lile jambo linavyomjia, hakuwa na pa kukimbilia. Njia nzima alimsihi baba mkwe achukue angalau dola ishirini. Zenoni alikataa, akasema pesa mfukoni huita teksi. Simu yake ilikuwa chini ya mto wa kitanda, imezimwa.

"Spés ataniua," Jean Bosco alisema walipofika getini.

"Atakuua kesho. Leo fanya kazi."

Saa moja na nusu asubuhi Zenoni alianza kutembea.

Baridi ya siku ile ilikuwa ya kukata. Baadaye angedai kwamba alipiga chafya, ile chafya ikaanguka chini ikavunjika vipande; hilo tuliache. Lakini ni kweli kwamba sharubu zake ziliganda kabla hajapita kanisa kubwa la Lackawanna, lile lenye kuba za kijani, na kwamba barabarani hapakuwa na mtu mwingine kwa miguu. Magari yalipunguza mwendo kumtazama. Mzungu mmoja aliyekuwa akichota theluji mlangoni kwake aliacha koleo hewani mpaka Zenoni akapita.

Lackawanna alikuwa amefika mara mbili tu, kwa sala, na mara zote mbili alisinzia garini. Alichojua kilikuwa kidogo: nyumbani kwake kuna mto mkubwa, mto ule unatoka ziwani, na upepo mbaya wa mji huu pia hutoka ziwani. Akaona hayo yanatosha. Watu wamevuka nchi na maarifa machache zaidi. Aliuweka upepo upande wa shavu la kushoto akasonga mbele, akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili, maana ya kwanza ilikuwa imeganda.

Saa nne akakuta mstari.

Hapa inabidi mtu aelewe. Ukikaa kambini zaidi ya miaka ishirini, mstari hauuoni kwa macho, unauona kwa miguu. Ukiwakuta watu wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake, unaingia kwanza. Kama ni mahindi, sabuni, mafuta au chanjo, utajua ukiwa ndani. Anayeuliza kabla ya kuingia hukuta vimekwisha. Mstari huu ulikuwa na watu kama thelathini waliovaa makoti meusi, umetoka nje ya jengo la matofali mpaka kando ya barabara. Miguu ya Zenoni ilijipanga nyuma ya mama mmoja mnene kabla kichwa hakijashauriwa.

Ulikwenda polepole, lakini ulikwenda. Mlangoni alipigwa na joto machozi yakamtoka, na mtu wa pale alipoyaona akampigapiga begani kwa huruma. Ndani kulinukia maua. Zenoni alichungulia mbele aone kinachogawiwa, akaona jeneza.

Angeweza kugeuka. Aliwaza kugeuka. Lakini nyuma yake watu walikuwa wamejaa, na mbele, mjane mwembamba mwenye nywele nyeupe alikwisha kumwona. Mtu aliyefika penye msiba hawezi kumruka maiti kama anaruka dimbwi. Zenoni akavua kofia, akamtazama marehemu, mzee wa rika lake, mwenye mikono mikubwa ya mtu wa viwandani. Akamwombea kwa Kirundi, sala nzima, bila kufupisha. Kisha akaenda kwa mjane, akashika mikono yake miwili, na kwa kuwa Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu na bei, alimpa pole kwa Kiswahili. Alimwambia kwamba mumewe anaonekana alikuwa mtu wa kutembea. Mjane hakuelewa hata neno moja, akaitikia kwa kichwa mara nyingi, hakutaka kuachia mikono yake. Akamkalisha kiti cha pili, karibu na watoto wake.

Basi akakaa. Penye msiba mtu haketi dakika tano tu akaondoka. Alipewa kahawa, akapewa mkate wenye nyama katikati, akapewa kahawa nyingine. Wajukuu wa marehemu walinong'onezana wakimtazama, huenda kila upande wa ukoo ukidhani upande mwingine unamfahamu. Saa ya ukutani ilipogonga saa sita Zenoni alishtuka, akaaga kwa kuinama, na kijana mmoja mwenye adabu akamfungulia mlango uliokuwa karibu, mlango wa nyuma.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alikuwa ameingia kwa mbele, akatokea nyuma, na theluji ilikuwa imeanza kuanguka kwa wingi, imefuta jua, imefuta mapaa, na upepo, ulioiba tabia za watu wasio na shukrani, ulikuwa umetulia. Alikata kushoto pale ambapo alipaswa kukata kulia. Alipita nyumba, kisha maghala, kisha reli, kisha maghala mengine. Alitembea kwa nguvu, kwa kifua mbele, kama mtu anayesubiriwa mahali. Akafika kona moja akaona mtu mwingine amepita hapo kwa miguu, akafurahi kupata mwenzake. Aliziinamia zile alama. Zilikuwa za viatu vyake.

Zenoni alisimama pale pale.

Mbele ya watu angesema alikuwa anapumzika. Lakini hapakuwa na mtu, na mwongo asiye na wa kumdanganya hubaki na mambo yalivyo. Majina ya barabara alikwisha kuyasoma mara mbili kwenye vibao, na yote mawili yalikuwa yamemtoka, kama maji kwenye kiganja. Aliijua hali ile. Ndiyo iliyompata Louisville juu ya daraja, alipozunguka na kuona pande zote mbili za mto zinafanana, akashika chuma cha daraja na kulia mpaka polisi wakaja. Hakuwahi kumwambia mtu. Ndiyo iliyompata Columbus. Miguu ilikuwa bado ya kijana. Kichwa ndicho kilichokuwa na vyumba ambavyo taa zake siku hizi zilizimika ovyo.

Alimfikiria Karoli na bata wake.

"Hapana," akasema kwa sauti, na mvuke ukamtoka mdomoni. Kama ni kufa, angekufa akiwa amesimama, na watu wapate shida kumpiga picha. Akaamua kutotembea tena mpaka ajue aendako. Alisimama ameinua pua, kama ng'ombe anayesikiliza, na kadiri alivyosimama ndivyo upepo, ambao labda ulidhani ameondoka, ulivyorudi kidogo kidogo. Ukaja na harufu.

Ilikuwa harufu ya nafaka inayokaangwa. Si moshi wala mkate. Ni nafaka hasa, tamu kidogo, kama bisi zikiwa karibu kuungua. Wajukuu huishangilia kila wakipita katikati ya mji kwa basi, wakisema ndiyo ile nafaka wanayokula na maziwa asubuhi. Kiwanda chake kiko kando ya maji, kule kwenye maghala marefu ya saruji ziwani. Jina la barabara lingemtoroka, lakini hakuna aliyewahi kupotea njia ya kwenda jikoni. Zenoni akaielekeza pua yake kwenye harufu akaifuata. Ilipopungua alirudi nyuma hatua kumi; ilipozidi alikaza mwendo. Alivuka reli ileile mara ya tatu, akavuka daraja la chuma juu ya mto mdogo ulioganda, mpaka yale maghala marefu yakasimama mbele yake kwenye theluji kama majitu yaliyochelewa kanisani, na nyuma yake ziwa, jeupe, halina mwisho.

Saa nane na nusu. Giza lingeingia saa kumi na moja na robo.

Kuanzia hapo njia ilikuwa rahisi kichwani na ngumu miguuni. Ziwa humwaga maji yake kwenye mto wa Niagara, mto hushuka kwenda Riverside, na siku ile ulibeba mapande ya barafu makubwa kama milango. Zenoni alichagua pande moja lenye doa jeusi akashindana nalo. Lilimshinda, akachagua jingine. Upande wa pili wa maji ilikuwa Kanada, nayo alikuwa haihitaji. Alipita chini ya daraja kubwa la mpakani. Goti la kulia lilianza kusema maneno yake, akalijibu kwamba watazungumza nyumbani.

Karibu na daraja hilo gari lilisimama pembeni yake. Alikuwa Nshombo, Mkongo wa Bukavu waliyesali naye, anatoka kazini kiwandani Tonawanda, kaskazini ya mji. Alishusha kioo akamtazama kama anayetazama mzimu.

"Bon, mzee, unaenda wapi na hii baridi? Ingia mu motokari nikufikishe kwako."

Joto la gari lilitoka dirishani likamlamba Zenoni usoni. Ndani kulikuwa na redio, kiti chenye manyoya, na chupa ya chai. Dakika kumi tu na angekuwa nyumbani, na nani angejua? Kesho angesimulia alivyotembea njia nzima, angeongeza na mbwa mwitu wawili, watu wangecheka kama kawaida. Hilo ndilo lililomkera ghafla: kwamba ukweli wake na uongo wake vingeuzwa soko moja.

Akamshukuru, akasema daktari amemkataza kukaa. Nshombo aliondoka anatikisa kichwa, na kabla hajafika taa za barabarani alikwisha kumpigia simu Spés.

Spés alimkuta mtaa wa Black Rock, zimebaki kama kilomita mbili na nusu. Alikuwa amemtafuta tangu saa tano, alipoamka akakuta kitanda kitupu. Jean Bosco alikuwa amesema kila kitu kwenye simu bila hata kuulizwa mara ya pili. Gari lilipanda ukingo wa barabara likasimama mbele ya Zenoni, mlango ukafunguka.

"Baba, ingia."

Zenoni alilizunguka gari akaendelea kutembea. Spés aliwasha taa za kumetameta, akarudi barabarani na kumfuata kwa mwendo wa miguu, dirisha wazi, theluji inaingia ndani. Nyuma yake magari yalianza kujipanga na kupiga honi. Alimwita baba yake mkaidi. Alimwita mzee asiye na huruma. Alimwambia kwamba wajukuu wanalia. Zenoni akasema kama wanalia ni kwa sababu mama yao hayupo kuwapikia. Hapo sauti ya Spés ikashuka.

"Umepotea leo, Baba?"

Uongo ulimjia Zenoni tayari umevaa viatu. Ulikuwa mzuri: ulikuwa na mjane tajiri, jeneza la dhahabu, na marehemu aliyefumbua jicho moja kumwonyesha njia. Aliupima ulimini. Akautema.

"Nimepotea. Nimezunguka mpaka nikakutana na nyayo zangu mwenyewe."

Spés alikanyaga breki. Zenoni hakusimama, ikabidi alisogeze gari tena.

"Na Louisville nilipotea. Nililia juu ya daraja kama mtoto. Columbus nilipotea pia, wale wa zimamoto hawakuniomba ushauri wowote. Nitapotea na kesho kutwa, kichwa changu kinanitoroka, najua. Lakini nimepotea na nimefika hapa, Spés. Kupotea si kufa. Kufa ni kumpaka bata rangi."

Honi zilikuwa zimezidi. Mtu mmoja nyuma alitoa kichwa dirishani akafoka, na Spés, bila kugeuka, akamnyooshea mkono kumwambia asubiri, mkono wa mtu aliyelelewa kwenye mistari.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza. "Miaka yote hii ulinichekesha. Mimi nilikuwa najua unadanganya, lakini nilikuwa sijui unaficha kiasi gani. Nikadhani ni kikubwa zaidi. Karatasi zile nimezijaza kwa sababu ya vichekesho vyako, Baba."

Zenoni aliishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi. Aliona haya, na haya ilimpasha joto kuliko kahawa ya msibani.

"Basi tangu leo nitakuambia," akasema. "Nikipotea nitakuambia wapi, na nilitokaje. Bila chumvi. Lakini humo garini siingii, na kwenye lile basi siingii. Mkinifungia mlango nitatoka dirishani, na unajua dirisha lenyewe liko juu."

Spés alifuta pua kwa mkono wa sweta. Akamwomba jambo moja tu: abebe simu, na iwashwe. Zenoni alisema atafikiri. Spés akasema afikiri haraka. Walipofika barabara yao alikuwa amekubali, ila kwa sharti kwamba yeye hapigiwi, yeye ndiye anapiga.

Hivyo ndivyo Riverside ilivyomwona akifika, saa kumi na moja kasorobo, mwanga wa kijivu bado upo juu ya mto: mzee mbele, sharubu za barafu, akichechemea kwa madaha; nyuma yake gari linametameta, na nyuma ya gari magari kumi na manne, kama msafara wa rais. Hesabu ya kumi na nne ni ya Zenoni mwenyewe. Spés anasema yalikuwa matano. Jean Bosco alisimama mlangoni na beseni la maji ya vuguvugu, kichwa chini, tayari kwa hukumu yake.

Jumapili Zenoni hakuinuka kitandani. Aliwekewa goti juu ya mito miwili, na alipohojiwa na wajukuu alisimulia safari kama ilivyokuwa, mstari, jeneza, nyayo, harufu. Walimwambia kwamba hii si nzuri kama ile ya wazima moto. Alikubali kwamba ukweli una kasoro nyingi.

Jumatatu saa moja asubuhi basi dogo la kituo lilisimama mbele ya nyumba, maana ofisi yao haikuwa imefunguliwa mwishoni mwa juma na hakuna aliyeweza kuwaambia. Spés alitoka na koti juu ya nguo za kulalia. Dereva aliangalia orodha yake akauliza mzee yuko wapi. Spés alitazama barabara, kulia, kisha kushoto, ambako nyayo zilikuwa zimeelekea Tonawanda, mguu mmoja umekanyaga sana kuliko mwingine. Akamwambia kwamba baba yake amekwenda kupotea kidogo, atarudi jioni.